Upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali ndogo ya vijijini: hatua kwa hatua

Vitabu vya upasuaji humweleza mama aliyelala mezani akiwa na nguvu zake, damu yake iko kwenye friji na bingwa yuko chumba cha pili. Anayefikishwa usiku katika hospitali ndogo ya vijijini mara nyingi ni mwingine kabisa. Ana uchungu tangu juzi, midomo imemkauka, chupa ilipasuka jana asubuhi na maji yameanza kunuka, mkojo ni kidogo na una damu. Operesheni anayoihitaji inaitwa kwa jina lile lile, lakini kwake karibu kila hatua hufanywa kwa namna nyingine.

Mwongozo huu unamhusu daktari au tabibu aliyekwisha kufunzwa kupasua, pamoja na mkunga, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ambaye hajawahi kushika kisu asijifunzie hapa. Mahali pake ni upande wa pili wa meza, akimsaidia anayejua.

Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba katika kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, takriban 5 walifariki, kiasi cha mara 50 ya ilivyo katika nchi tajiri. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliofika tayari wakitoka damu au mfuko wa uzazi ukiwa umechanika, waliotoka damu nyingi wakati wa operesheni au baada yake, na waliopata matatizo ya usingizi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye damu na kwenye mtoto aliyekwama, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Andaa kabla simu haijalia

Kila zamu inapoanza, mtu mmoja mwenye jina anapita chumba cha upasuaji na kuwasha kila kitu: taa, jenereta, mashine ya kufyonza, oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu). Asikague kwa macho, awashe. Mashine ya kuzalisha oksijeni hufa umeme ukikatika, kwa hiyo lazima kuwe na mtungi wenye gesi, na ufunguo wa mtungi ufungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Taa ya kichwani yenye betri iliyojaa iwepo, na mashine ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu pia kama inapatikana.

Seti mbili zilizotakaswa ziwe tayari saa zote. Ya kwanza ni ya upasuaji wa kawaida wa kumtoa mtoto. Ya pili ina koleo ndefu za kutosha kutoa mfuko wa uzazi, na ndiyo ambayo hospitali nyingi huikosa siku inapotakiwa. Pembeni kuwe na sanduku la kutokwa damu: kanula namba 16, mirija ya dripu, dripu za Ringa, oksitosini na misoprostoli (dawa za kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutoka damu), mipira ya mkojo, nyuzi za kuyeyuka namba 0 na 1 zenye sindano kubwa, pamoja na kondomu na uzi wa kutengenezea puto la kuzuia damu. Oksitosini ikae kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Ikishinda kabatini kwenye joto hupoteza nguvu, nawe utadhani ni mfuko wa uzazi uliogoma.

Damu ni jambo la kupangwa mchana. Weka orodha ya wachangiaji wanaofikika kwa simu, yenye makundi yao, na hakikisha maabara ina vipimo vya Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende. Ndugu waliomleta mama waombwe kupima kundi wakati ule ule anapopokelewa. Ukingoja mpaka damu iwe sakafuni, nusu yao watakuwa wamekwenda kutafuta dawa au mtandao wa simu.

Hatua ya 2: Amua kama ni kisu kweli

Maswali matatu yanatosha kuanzia: mama yuko katika hali gani, mtoto yu hai, na kichwa kiko wapi.

Kichwa kipimwe tumboni kwa vidole kabla ya kuingiza mkono ukeni. Katika uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, utosi huvimba na mifupa ya kichwa hupandana, hivyo kidole kilichoko ukeni hugusa uvimbe na kukudanganya kwamba mtoto ameshuka. Tumbo halidanganyi. Ikiwa hakuna sehemu ya kichwa inayoshikika juu ya nyonga, au ni 1 tu kati ya 5, mlango wa kizazi umefunguka wote na mtoto yu hai, kifaa cha kuvuta kwa hewa kinaweza kummalizia mama kazi bila kovu. Sehemu 3 kati ya 5 zikiwa bado juu, mlango ukiwa wazi na uchungu ukiwa na nguvu, usijaribu kuvuta.

Mtoto akiwa ameshafariki, simama kidogo. Kumpasua mama mwenye maambukizi ili kutoa maiti kunampa hatari yote bila faida ya mtoto. Kama mlango umefunguka wote, mfuko haujachanika na yupo aliyefunzwa kumtoa mtoto aliyekufa kwa njia ya uke, hiyo ndiyo njia bora. Kama hayupo, pasua, lakini isiwe kwa kubahatisha: sikiliza mapigo ya mtoto wewe mwenyewe, dakika ile ile ya kuamua, kisha tena mezani kabla ya kuchana ngozi.

Dalili za mfuko wa uzazi uliochanika zijulikane hata na mhudumu wa mapokezi: uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, tumbo linaloumia kila mahali, viungo vya mtoto vinavyoshikika chini ya ngozi, mapigo ya mtoto kupotea, damu kwenye mkojo, mama kulegea. Huyu habebwi kwenye gari la wagonjwa kwa muda wa saa tatu kwa sababu tu hospitali ya rufaa ina bingwa. Kama kuna anayeweza kufungua tumbo na kuzuia damu, ifanyike hapo hapo.

Wa kupewa rufaa ni yule ambaye bado hajaanza kutoka damu: mwenye kovu la zamani na kondo la nyuma lililokaa chini juu ya kovu, kwa mfano. Kondo la namna hiyo linaweza kuwa limezama kwenye misuli. Asafirishwe mapema, kabla ya uchungu, akiwa na ndugu wa kuchangia damu.

Hatua ya 3: Wakati chumba kinafunguliwa

Hapa kazi zinafanyika sambamba, kila mtu na yake. Kanula mbili kubwa, damu kwa ajili ya kundi, ulinganisho na wingi wa damu, dripu ya Ringa lita 1 ikimbie kama amekauka. Mpira wa mkojo uingie. Kichwa kikibana njia ya kutolea mkojo, nyanyua kichwa taratibu kwa vidole viwili ukeni huku mwenzako akipitisha mpira; usisukume kwa nguvu, maana tishu pale zimeshakufa ganzi na zinatoboka.

Dawa ya kuua bakteria iingie kabla ya kisu, si baada ya kitovu kukatwa: ampisilini gramu 2 au sefazolini kwenye mshipa, ndani ya saa moja kabla ya kuchana. Mwenye homa au maji yanayonuka anahitaji tiba kamili: ampisilini gramu 2 kila saa 6, jentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, hadi saa 48 zipite bila homa.

Gawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 120 na presha 80 ni 1.5. Ikifika 0.9 ujue ana upungufu wa damu hata kama anazungumza vizuri, ikifika 1.7 yuko ukingoni. Wanawake vijana wenye afya hushikilia presha mpaka dakika ya mwisho, kisha wanaanguka kwa mkupuo, kwa hiyo presha peke yake isikutulize.

Kama maabara imefungwa, bado unaweza kujua kama damu inaganda. Chukua mililita 2 za damu kwenye kijaribio safi cha kioo, kikumbatie ndani ya ngumi ili kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe polepole, kisha rudia kila dakika. Dakika 7 zikipita bila bonge, au bonge likawa laini na kuvunjika, damu yake haigandi. Huyo hachomwi sindano ya mgongo, na damu nzima iliyotoka kwa mchangiaji muda huo huo itamfaa kuliko dripu yoyote.

Mwenye kifafa cha mimba hapelekwi mezani akiwa bado anadegedeka. Magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Presha ikiwa 160/110 au zaidi ishushwe kwanza. Upasuaji hautibu degedege linaloendelea.

Ridhaa ichukuliwe na mtu mmoja, kwa maneno ya kawaida, akiwa ameinama usawa wa macho ya mgonjwa: “Mama, mtoto amekwama, nyonga haimpitishi. Tunataka kumtoa kwa operesheni. Damu ikizidi, huenda tukalazimika kutoa mfuko wa uzazi ili tukuokoe wewe. Umenielewa?” Mama anayejitambua ndiye mwenye ridhaa. Mume na mama mkwe wanaelezwa kwa heshima zote, lakini hawapigi kura. Kufunga mirija kuongelewe sasa, si akiwa amefunguliwa tumbo.

Hatua ya 4: Usingizi

Kwa wengi, ganzi ya mgongoni ndiyo salama: anaendelea kupumua mwenyewe na matapishi hayaingii mapafuni. Dawa ni bupivakaini nzito ya 0.5%, mililita 2 hadi 2.5. Mara tu baada ya sindano alazwe ameinama kushoto nyuzi kama 15, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya nyonga ya kulia, ili mfuko wa uzazi usikandamize mishipa mikubwa. Presha ipimwe kila dakika mbili mpaka mtoto atoke. Ikianguka, efedrini miligramu 5 hadi 10 na dripu. Akisema vidole vya mkono vinakufa ganzi au sauti inafifia, ganzi imepanda: msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa mara moja, jiandae kuweka mpira wa hewa.

Sinia la dawa za mgongoni lisiwekwe karibu na asidi ya traneksamiki. Vichupa vinafanana, na dawa hiyo ikiingia kwenye uti wa mgongo husababisha degedege na mara nyingi kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2022. Ikae kwenye sanduku la kutokwa damu, upande mwingine wa chumba.

Aliyeishiwa damu hachomwi mgongoni. Dawa ya usingizi ya ketamini ndiyo yake, miligramu 1 kwa kilo au pungufu, ikisindikizwa na oksijeni na mtu asiyeondoka kichwani mwake. Ketamini hupandisha presha, kwa hiyo kwa mwenye kifafa cha mimba si chaguo zuri.

Kabla ya kisu, someni orodha ya usalama wa upasuaji kwa sauti. Ina mambo 19, inatumika tangu 2008, na hata usiku wa manane inachukua dakika chache tu. Kwenye “damu inayotarajiwa” taja namba. Kwenye “mtoto” taja jina la atakayempokea.

Hatua ya 5: Kumtoa mtoto aliyekwama

Uke usafishwe kwa povidoni ya ayodini kabla ya upasuaji. Miguu ya mama ikunjwe na kupanuliwa kidogo, magoti nje, kabla ya kufunika shuka za upasuaji. Sababu utaiona baada ya muda mfupi.

Chale ya kulazwa, iliyonyooka, kiasi cha sentimita 3 chini ya mstari unaounganisha ncha za mbele za nyonga, ni ya haraka na haina damu nyingi. Lakini ukishuku mfuko umechanika, au damu haigandi, au huna uzoefu mkubwa, chana wima chini ya kitovu. Kuna wanaoiona chale ya wima kama ushamba. Waache.

Katika uchungu pingamizi kibofu huvutwa juu sana, kimevimba, na hukaa pale pale unapozoea kuchana. Fungua utando wa tumbo juu, karibu na kitovu, tazama mwanga upite ndani yake kabla ya kukata, halafu ndipo ushuke. Kisha tafuta kano mbili za duara, moja kila upande. Mfuko wa uzazi mara nyingi umejiviringisha kulia. Usipouweka sawa utachana pembeni, juu ya mishipa.

Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi imenyooshwa hadi kuwa nyembamba kama karatasi. Ukichana mahali pa kawaida utaingia ukeni au kwenye mlango wa kizazi. Panda sentimita 2 au 3 juu zaidi. Chana kidogo kidogo katikati, kila mara ukifuta, mpaka utando wa mtoto au nywele zionekane; uso wa mtoto uko milimita chache tu chini ya kisu. Panua kwa vidole kwa kuvuta kuelekea juu na chini, kwani njia hiyo huchana pembeni kidogo kuliko kuvuta kulia na kushoto.

Sasa kichwa. Ngoja mfuko ulegee kati ya uchungu na uchungu, hata kama mikono inawasha kufanya kitu. Pitisha mkono kati ya mfupa wa kinena na kichwa, vidole vikiwa bapa, fika chini ya kichwa, kikunje, kinyanyue kuelekea kwako. Usitumie kiwiko kama nguzo dhidi ya ukingo wa chini wa kidonda. Hapo ndipo michaniko inayokimbilia kwenye mishipa ya uzazi na mrija wa mkojo (unaotoka kwenye figo) huanzia.

Kisipotoka, usibishane nacho. “Sista, nisaidie kutoka chini.” Mkunga mwenye glovu ndefu safi anaingiza mkono ukeni na kukisukuma kichwa juu kwa kiganja kizima na vidole vilivyotandazwa, taratibu na kwa mfululizo. Vidole viwili vya kuchoma huvunja fuvu. Ndiyo maana miguu ilipanuliwa mapema. Kuanza kupanga miguu chini ya shuka wakati huo ni kupoteza dakika za mtoto.

Njia nyingine, ambayo binafsi naipendelea kichwa kikiwa kimezama sana, ni kumtoa kwa miguu. Ingiza mkono juu kuelekea kilele cha mfuko, tafuta mguu. Gizani mguu na mkono hufanana, kwa hiyo tafuta kisigino: mkono hauna. Shika miguu yote miwili kama inawezekana, vuta polepole mpaka matako yatoke, kisha mwili, mabega, na mwisho kichwa kipandishwe kutoka nyongani. Nafasi ikiwa ndogo, ongeza kidonda kwa kukipindisha juu upande mmoja. Kovu hilo liandikwe kwenye taarifa, litakuwa na maana mimba ijayo.

Mtoto apokelewe na mtu asiye na kazi nyingine. Akikaushwa asilie, apewe pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, pumzi kama 40 kwa dakika. Usimfyonze puani na mdomoni kwa mazoea.

Hatua ya 6: Kondo la nyuma na kushona

Oksitosini yuniti 5 polepole kwenye mshipa kwa dakika moja hadi mbili, au 10 kwenye msuli, kisha dripu yenye 20 kwa lita. Ikisukumwa kwa ghafla kwa mama aliyeishiwa damu, presha huporomoka. Kondo litoke kwa kuvuta kitovu huku mfuko ukikandwa. Kulibandua kwa mkono huongeza damu na maambukizi.

Kama kondo haliachii na linavuja damu popote unapogusa, acha kuvuta. Kondo lililozama kwenye misuli haliondolewi kwa nguvu. Liache mahali pake, funga kidonda haraka, na nenda kwenye kutoa mfuko wa uzazi.

Vinginevyo shika pembe mbili za kidonda kwanza, kwa sababu damu nyingi hutokea huko. Kwa aliyekwama muda mrefu, pembe inaweza kuwa imechanika kuelekea chini usikoona: toa mfuko nje ya tumbo, sukuma kibofu chini, fuata mchaniko hadi mwisho wake kwa macho, na mshono wa kwanza uanzie sentimita moja ng’ambo ya mwisho huo. Usishone kwa kubahatisha pembeni. Mrija wa mkojo uko pale, na ukifungwa na uzi mama hatajua mpaka figo iume.

Hatua ya 7: Damu isipokoma

Anza kuhesabu. Mtu mmoja apime gozi na pedi zilizolowa; gramu 1 ni takriban mililita 1. Ikifika lita 1, tangaza kwa sauti, ita mikono zaidi, na mwambie mtu asome saa kila dakika 5. Macho hupunjia damu, hasa damu iliyokwenda chini ya meza.

Kanda mfuko. Oksitosini zaidi, misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi kama yuko macho. Ergometrini miligramu 0.2 kwenye msuli, isipokuwa kwa mwenye presha. Asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kuwa ikitolewa ndani ya saa 3 inapunguza vifo vya kutokwa damu kwa karibu theluthi moja. Baadaye faida huyeyuka. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, rudia mara moja.

Wakati dawa zinafanya kazi, jipatie muda. Msaidizi anaweza kukandamiza mshipa mkuu wa damu kwa ngumi dhidi ya uti wa mgongo, ndani ya tumbo, juu ya mfuko. Au zungusha mpira wa mkojo kwenye sehemu ya chini ya mfuko, chini ya kidonda, ukaze kwa koleo. Damu inapungua, mtaalamu wa usingizi anaijaza mishipa, nawe unafikiri.

Mshono wa B-Lynch, unaoubana mfuko wa uzazi kwa uzi na ulioelezwa mwaka 1997, unafaa pale mfuko ulipolegea. Kabla ya kuushona, ufanyie jaribio: bana mfuko kwa mikono miwili kutoka juu na chini huku mkunga akitazama ukeni. Damu ikikoma ukibana, mshono utafanya kazi. Isipokoma, uzi hautafanya ambacho mikono imeshindwa. Funga mishipa ya uzazi pande zote mbili. Damu ikiendelea, toa mfuko.

Uamuzi huo hucheleweshwa kuliko wowote mwingine katika operesheni hii, hasa mama akiwa kijana na mtoto amefariki. Unaeleweka ugumu wake. Lakini damu iliyoacha kuganda haizuiwi na mshono, kwa hiyo fanya ukiwa bado na mgonjwa mwenye presha. Kutoa sehemu ya juu tu na kuacha mlango wa kizazi ni haraka zaidi na kunauepusha mrija wa mkojo.

Hatua ya 8: Ukikuta mfuko umechanika

Mtoto na kondo mara nyingi watakuwa wameshatokea tumboni. Watoe, kisha fyonza damu na tafuta kingo za mchaniko. Mchaniko safi wenye kingo zinazofikika unashonwa, hata kwa anayetaka kuzaa tena. Wenye kingo zilizokufa na kunuka, au unaoshuka mlangoni na kuingia pembeni, ni wa kutoa mfuko. Kagua ukuta wa nyuma pia. Kagua kibofu kwa kukijaza maji yenye rangi kupitia mpira. Kikivuja, kishone tabaka mbili kwa uzi mwembamba wa kuyeyuka na mpira ukae siku 14.

Damu iliyomwagika tumboni hapa imechanganyika na maji ya uzazi, hivyo hairudishwi mwilini. Inayorudishwa ni ya mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ikiwa mbichi na safi: huchotwa, huchujwa kwa gozi tabaka kadhaa hadi kwenye mfuko wa kuchangia wenye dawa ya kuzuia kuganda. Hospitali isiyo na benki ya damu ijifunze hilo.

Kabla ya kufunga, muuguzi ahesabu gozi na pedi kwa sauti. Timu yote ibadilishe glovu na kutumia vyombo safi vya kufungia. Utafiti wa mwaka 2022 katika nchi 7, uliohusu operesheni za tumbo, uliona maambukizi ya vidonda yakipungua kwa hatua hiyo tu.

Hatua ya 9: Wodini

Kila dakika 15 kwa saa mbili za kwanza: mapigo, presha, ugumu wa mfuko wa uzazi, pedi, mkojo. Mkono upitishwe chini ya kiuno, kwa sababu damu hutiririka kuelekea mgongoni na pedi ikabaki kavu. Mapigo yanayopanda huku presha ikiwa sawa ni taarifa kamili. Usingoje presha ishuke ndipo umwite daktari.

Aliyekuwa na uchungu pingamizi asitolewe mpira wa mkojo kesho yake kama wengine. Ukae angalau siku 7, mkojo uwe mweupe kabisa, na kwa aliyekwama muda mrefu ufike 14, huku akinywa maji lita 4 au 5 kwa siku. Tishu zilizobanwa na kichwa hufa na kudondoka baada ya siku kadhaa, na kibofu kinachojaa ndicho kinachofungua tundu la fistula, ambalo mkojo huvujia ukeni. Anayeanza kuvuja mkojo nyumbani arudi mara moja, si baada ya arobaini. Mpira ukirudishwa mapema, matundu madogo huziba yenyewe.

Aruhusiwe kunywa na kula mapema, ainuke kitandani siku ya pili. Magnesiamu iendelee saa 24 kwa mwenye kifafa cha mimba, ukiangalia goti linaruka, pumzi ni 16 au zaidi na mkojo ni mililita 30 kwa saa. Aliyepoteza mtoto apewe kitanda mbali na vilio vya wachanga, na aelezwe kilichotokea na mtu aliyekuwepo.

Siku ya kuondoka, aliyepasua aandike kwenye kadi yake kwa mkono unaosomeka: sababu ya operesheni, kidonda cha mfuko kilikuwa cha kulazwa au kilipindishwa juu, kama mfuko ulichanika, kama mirija ilifungwa, kiasi cha damu aliyopewa. Mama aelezwe kwa mdomo pia, pamoja na atakayemsindikiza, kwamba mimba ijayo ataanza kliniki mapema na kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Aliyechanika mfuko au mwenye kovu lililopindishwa juu apangiwe upasuaji kabla ya uchungu kuanza, na wiki chache za mwisho akae karibu na hospitali.